Vitanda na Majeneza

Kaka yangu alikuwa fundi wa vitanda. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi waliomjua baadaye hawakulijua, na waliolijua walijitahidi kulisahau. Mtaani walimwita Randa, kwa jinsi alivyoing'ang'ania randa yake ya mkono hata mafundi wenzake walipohamia za umeme. Alikuwa akipitisha randa, anapitisha kiganja, anapitisha randa tena, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Vitanda vyake havikulia. Akina mama wakitembeleana walikuwa wakiulizana, "Hiki cha Randa?" na mwenye nacho anaitikia kwa maringo, kana kwamba yeye ndiye aliyekata mti.

Banda letu lilikuwa moja, tumeligawa kwa turubai. Upande wake mbao, upande wangu sponji na vitambaa, maana mimi nashona mito na makochi. Mteja akija kwa kitanda anachungulia na kwangu, anaondoka na mito yake. Tulikuwa chanda na pete: chanda kikipata, pete nayo inapata. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kinyozi, rafiki yake kaka tangu hawajaota ndevu. Kazi zikipoa mchana walikuwa wakicheza dama, vifuniko vya soda ndizo kete, wakitukanana kwa upendo mpaka mteja wa mmoja wao atokee.

Mambo yalianza kwa mwalimu mstaafu aliyepanga chumba nyuma ya banda letu. Mzee yule hakuwa na mtu. Asubuhi moja hakutoka kuchota maji, watu wakasukuma mlango, wakakuta ameshatutoka. Majirani wakachanga. Lakini mchango wa mtaa kama wetu unajulikana, na majeneza ya tayari, yale ya kule karibu na hospitali, yalikuwa ya bei ya kumfanya marehemu aone haya. Kinyozi ndiye aliyevuka barabara.

"Randa, mbao si unazo?"

"Ninazo. Ila hizo ni za kabati la mtu."

"Na huyo mwenye kabati ana haraka kumshinda mwalimu?"

Kaka hakuwahi kutengeneza jeneza. Alisimama akiziangalia zile mbao, kisha akavua shati. Alifanya kazi ile vilevile alivyofanya kitanda cha bibi harusi: kona zikafungana bila msumari kuonekana, kifuniko kikakaa sawasawa, na msasa akaupitisha mpaka ndani, mahali ambapo hakuna mtu angepagusa. Mimi nikashona kitambaa cheupe cha ndani. Siku ya maziko watu walilishika lile jeneza wakatikisa vichwa. "Mwalimu amelala pazuri," walisema. Mmoja akaongeza, na wengine wakacheka kile kicheko cha chini cha msibani, "Mimi nikifa nipelekeni kwa Randa."

Haukupita muda akaja mjane wa mtaa wa pili. Kisha wakaja ndugu wawili waliofiwa na dada yao. Kaka hakujua kupatana bei na mtu mwenye macho yaliyovimba. Alikuwa akiuliza urefu, akiuliza wana nini mkononi, basi. Jina likasambaa kama jina zuri linavyosambaa, polepole, kwa midomo ya watu walioridhika. Hatukujua kwamba jina zuri moja linaweza kulimeza jina zuri jingine.

Aliyetufumbua macho alikuwa mama mmoja aliyekuwa akimwoza binti yake. Alikuwa ameagiza kitanda kikubwa na meza zake mbili za pembeni, na kwangu ameagiza mito. Siku hiyo alikuja kuona kazi ilipofikia. Alikipapasa kitanda, akakisifia, akauliza ni mbao gani yenye mistari mizuri hivyo. Kisha jicho likamponyoka mpaka kwenye kona, kulikokuwa na jeneza limesimama likikauka vanishi.

"Hilo la nani?"

"La mzee mmoja wa huku juu, mama. Wanakuja kulichukua mchana."

Akaliangalia kopo la vanishi, akaiangalia brashi iliyolala juu yake.

"Brashi ni hiyohiyo?"

"Ipi, mama?"

"Ya huku na ya kule. Vanishi ni ileile? Msasa nao?"

Kaka hakujua kudanganya. Kwa mfanyabiashara, hicho ni kilema kikubwa. "Vifaa ni hivihivi, mama, ila huwa nasafisha. Mbao haijui inakokwenda."

"Mbao haijui," alisema yule mama, bila ukali wowote, "lakini watu wanajua. Mwanangu akichelewa kupata mtoto, wakwe zake wataanza kuhesabu. Watafika mpaka kwenye kitanda."

Hakugomba. Hata malipo aliyotanguliza hakuyadai. Hilo ndilo lililonitisha: mtu kuacha hela yake na kuondoka, kama anavua nguo iliyoingia upupu. Kitanda kiliegemea ukuta pale mpaka vumbi likakibadili rangi.

Baada ya hapo wengine hawakujisumbua hata kuja kukataa. Maagizo ya vitanda yakakauka kama kisima, leo ndoo nusu, kesho matope. Meza wakaagiza kwingine. Makabati vilevile. Na kwangu mito ikapungua, maana nani atavuka turubai lile kuchagua rangi ya kochi huku nyuma kunapigwa nyundo anayoijua ni ya nini?

Hata salamu iliharibika. Watu wakikutana huulizana, "Habari za kazi?" nawe unajibu, "Nzuri," mambo yanaisha. Kaka akijibu nzuri, mtu anashtuka. Akijibu, "Mbaya kidogo siku hizi," anashtuka zaidi, maana ni kama analalamika kwamba hatufi vya kutosha. Akaanza kujibu, "Tupo." Mwishowe watu wakaacha kumuuliza. Akimkazia mtu macho wakati wanaongea, mtu anaruka pembeni: "Fundi, usinipime!" Mwanzoni tulicheka wote, yeye wa kwanza. Lakini mzaha ukirudiwa sana unakauka, kinabaki kile kilichokuwa ndani yake. Jina la Randa likafa kifo cha taratibu. Wakamwita Fundi wa Mwisho.

Wifi yangu, mke wake, alikuwa kwenye kikundi cha akina mama cha kuchangiana na kupokea kwa zamu. Walianza kumbembeleza awe anapokea wa mwisho kila mzunguko. Kwa nini? Hawakusema. Baadaye mmoja akaropoka: hakuna aliyetaka zamu ya kufuatia ya kwake. Watoto wake nao, wakiulizwa shuleni baba yao anafanya kazi gani, walijibu, "Anatengeneza meza."

Jioni moja wifi alikuja bandani, hakukaa.

"Baba watoto, acha."

"Niache nini?"

"Unajua."

"Nikiacha tutakula vumbi la mbao?"

"Kabla mwalimu hajafa tulikuwa tunakula nini?"

"Tulikuwa tunakula vitanda."

"Basi rudi kwenye vitanda."

Na akaacha kweli. Msimu mzima wa mvua hakutengeneza jeneza hata moja. Alinunua brashi mpya, akamwaga vanishi ya zamani, akachoma msasa wote mbele ya mlango ili kila mpita njia auone moto. Akaandika kibao kipya: VITANDA, MEZA, MAKABATI. Watu walipita, wakakisoma, wakasema kimependeza, wakaenda kununua vitanda vya chuma dukani.

Ndani ya msimu huohuo akaja dereva mmoja wa lori, amefiwa na mama yake. Alikuwa amevaa viatu visivyolingana. Kaka akamkalisha, akampa maji, akamwambia kwa upole kuwa siku hizi hafanyi kazi hiyo.

"Hufanyi?" Yule dereva hakuelewa. "Kwani sisi tumekukosea nini? Za wengine si ulifanya?"

"Si kukosea, ndugu yangu. Nimebadili kazi."

"Umebadili kazi siku ya mama yangu."

Akaondoka. Hata jua halijazama, mtaa mzima ulikuwa unasema Randa amevimba kichwa, anachagua maiti. Waliosema hivyo ndio haohao waliokuwa wakivuka barabara wasipishane naye. Nilikaa kwenye cherehani nikafikiri, nikaona kaka yangu amefanywa choo cha mtaa: kila nyumba inakihitaji, na hakuna anayekiweka sebuleni.

Asubuhi iliyofuata kaka alimtafuta yule dereva nyumbani kwake, akamwomba radhi, akapima. Ndivyo alivyorudi kwenye majeneza, na safari hii wifi hakusema neno.

Katika wote hao, kinyozi peke yake hakubadilika. Zamani alikuwa akimnyoa kaka kwenye kiti cha ndani, karibu na redio. Sasa akatoa kiti mlangoni, akawa anamnyoa hadharani, taratibu, huku akimpigia kelele kila anayepita. Mteja mmoja akamuuliza kama mashine anayomnyolea Fundi ni hiyohiyo. "Ni hiyohiyo," kinyozi akamjibu, "na mkono ni huuhuu, na mdomo unaokwambia ukanyolewe kwingine ni huuhuu." Wateja kadhaa walikwenda kunyolewa kwingine kweli. Hakuonekana kujali, au kama alijali, alificha vizuri.

Kisha akaanza kuvimba miguu.

Alidhani ni kusimama sana. Akaanza kuhema akipanda ngazi tatu za kibanda chake. Hospitali wakasema moyo umechoka, unashindwa kusukuma damu, maji yanajaa mwilini. Wakamlaza, wakampa dawa, wakamrudisha nyumbani apumzike. Kibanda kikafungwa. Kaka alinawa, akavaa shati la kwendea watu, akaenda kumwona.

Mke wa kinyozi alimpokea mlangoni. "Shemeji, karibu. Lakini amelala."

Akaenda tena. Amelala. Akaenda mara nyingine, na safari hiyo mgonjwa alikuwa akikohoa ndani, wote wawili wanasikia, na bado mke akasema amelala. Nyuma yake akatokea kaka mkubwa wa kinyozi, mtu mzito wa maneno, aliyehamia pale kuuguza.

"Fundi," akasema, "sikuvunjii heshima. Ila mgonjwa anahitaji watu wa kumtia moyo. Wewe subiri uitwe."

Kaka alirudi bandani akakaa juu ya rundo la mbao. Sikusikia randa siku hiyo. Nilipomletea chai aliniuliza, "Hivi nikipita barabarani, wewe unamwona nani?" Nikamwambia namwona kaka yangu amechafuka gundi. Akatabasamu, ila chai hakuinywa.

Nikaenda mimi. Mimi waliniruhusu, na hilo nalo nililifikiria njia nzima: mikono yangu ilishona kitambaa cha ndani cha kila jeneza lililotoka kwetu, lakini sindano haina kelele. Sikuwahi kupewa jina lolote.

Kinyozi alikuwa ameegemezwa kwenye mito iliyorundikwa. Akilala chali pumzi inamkata, kwa hiyo mchana na usiku alikuwa anakaa, na kila baada ya muda mito inateleza, anateremka nayo, wanamvuta tena juu kama gunia. Shingo ilikuwa imeishiwa nguvu.

"Kaka yako yuko wapi?" akaniuliza. "Amenisusa?"

Nikafungua mdomo. Mke wake alikuwa amesimama nyuma ya kichwa chake, ananitazama kwa macho ya kuomba.

"Kazi zimembana," nikasema.

"Huyo kazi zikimbana, si habari nzuri kwetu." Akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, tukamshika.

Mke wake alinisindikiza mpaka nje ya uzio. Alikuwa amekonda kuliko mgonjwa.

"Wifi, wallahi si mimi," alisema. "Mimi nataka aje. Ila akiingia, halafu huyu mume wangu akifa, nitaambiwa nilimfungulia mlango. Ukweni watasema, mtaani watasema. Nitaishi na nani hapa?"

Nilirudi nikamweleza kaka habari za mito inayoteleza. Sikumweleza mengine. Akaniuliza maswali mengi: anaegemea upande gani zaidi, miguu inakaa juu au chini, mlango wa chumba una upana gani. Kisha akakitoa kile kitanda cha bibi harusi kwenye vumbi lake, akakikata katikati.

Akakitengeneza upya: upande wa kichwa ukawa unainuka kwa bawaba, na chini yake akachonga meno ya kukamatia, ili mtu auinue kadiri anavyotaka, usiteleze. Miguuni akaweka ubao wa kukanyagia. Mimi nikashona godoro la vipande viwili, likunjike pamoja na mbao. Zilikuwa siku nzuri zile, lazima niseme. Alikuwa akipiga mluzi. Ulikuwa umepita muda mrefu hajatengeneza kitu cha mtu atakayeamka asubuhi.

Tulikodi mkokoteni tukakipeleka. Kaka mkubwa wa kinyozi akatukuta getini. Akakizunguka, akakibonyeza, nikaona kabisa kwamba kimempendeza.

"Kimetoka kwenu?"

"Ndiyo," kaka akasema.

"Kirudisheni."

Tukakirudisha. Tulipita mtaa uleule, watu walewale wakituangalia. Mwenye mkokoteni, aliyekuwa mgeni eneo lile, akauliza kama tumekosea nyumba. Kaka akamwambia hapana, nyumba ndiyo ile.

Siku chache baadaye mke wa kinyozi aliingia upande wangu wa banda kama mtu aliyekuja kununua mto. Akashika kitambaa, akakiachia.

"Hajalala kabisa," akasema. "Anasinzia, kichwa kinaanguka, anaamka anatapatapa. Wifi, kile kitanda kipakeni rangi nyeupe. Nitasema nimekiazima hospitali."

Nyuma ya turubai nyundo ilinyamaza. Kisha tukasikia kopo la rangi linafunguliwa. Kuipaka rangi mbao ile, kaka alisema, ni kama kumvalisha mtu gunia siku ya sherehe. Lakini aliipaka, mikono miwili ya rangi, akaficha kila mstari. Kijana mwingine wa mkokoteni akakipeleka peke yake, akaambiwa aseme kimetoka hospitali.

Kinyozi alilala. Mke wake aliniambia baadaye kwamba alilala mpaka wakaogopa, wakawa wanamwekea kiganja puani. Alipoamka mchana mkono wake ulikuwa ukining'inia pembeni, vidole vikitembea chini ya ubao wa kitanda. Akapapasa, akarudia kupapasa.

"Hospitali gani hii," akasema, "inayopiga msasa mpaka uvunguni?"

Mke wake akaanza kunyoosha shuka.

"Niitieni huyo mpumbavu."

Kaka yake mkubwa akaanza kusema habari za watu na midomo yao. Kinyozi alivuta pumzi, akaikusanya, akauliza, "Nyumba hii ya nani?" Basi. Kaka yangu akaitwa.

Nilikwenda naye, kwa sababu miguu yake ilikuwa inasitasita. Alisimama mlangoni mwa chumba, ubao wa dama kwapani, hajui aingie au abaki.

"Umekuja kunipima?" kinyozi akamuuliza.

"Nilishakupima zamani," kaka akasema. "Mfupi wewe. Hunipi faida."

Kinyozi alicheka mpaka mke wake akatoka nje kulia. Kaka akavuta kigoda, akapanga vifuniko vya soda juu ya shuka, wakaanza kutukanana.

Alikwenda kila mchana. Kwa muda ilionekana kama mambo yatanyooka: miguu ilipungua, pumzi ikarefuka, na siku moja kinyozi aliomba mkasi wake, akamkalisha kaka ukingoni mwa kitanda, akampunguza ndevu mkono ukitetemeka. Alimkata sikio kidogo. Kaka alitembea na kidonda kile kama mtu aliyepewa nishani.

Ni siku hizo kinyozi alimwambia mkewe, kaka yake mkubwa akisikia, kwamba siku ikifika, kazi yake aifanye Randa na asifanye mwingine. Kaka mkubwa akasema, "Watu watasemaje?" Kinyozi akasema, "Mimi sitakuwepo kuwasikia."

Alikufa asubuhi moja, mke wake akimpelekea uji.

Kaka alipoletewa habari alichukua mbao zake bora, akaziweka kwenye meza, akashika msumeno. Msumeno haukwenda. Aliuweka, akauchukua tena. Mwishowe akanigeukia. "Shika upande wa pili," akasema. Sikuwahi kushika mbao zake hata siku moja. Hakupenda mtu azishike. Nikashika. Tulikata pamoja, yeye akivuta huku, mimi nikiizuia mbao isicheze. Nilipokuwa nashona kitambaa cha ndani aliomba sindano, akashona mstari mmoja mwenyewe, umepinda, nikauacha hivyohivyo.

Hakutoza kitu. Angetoza, wangesema amemuuza rafiki yake. Hakutoza, wakasema dhamiri inamsuta. Wafiwa hawajamaliza hata kurudisha viti vya watu, maneno yalikuwa yameshakomaa: Fundi akazuiwa, mgonjwa akaendelea vizuri, Fundi akaruhusiwa, mgonjwa akafa. Hesabu rahisi, hata mtoto anaielewa. Na kitanda? Kitanda kile kilikuwa nini kama si jeneza lisilo na kifuniko? Mke wa kinyozi alikitoa nje. Hakukichoma, alikisimamisha nyuma ya nyumba, na kila nilipomtembelea alinionyesha kwa kidevu na kusema, "Wifi, si mimi."

Kisha mwenye banda akaja. Alikuja na heshima zote, akakaa, akauliza watoto. "Fundi, mimi binafsi sina neno nawe," akasema. "Ni wapangaji. Mama wa chakula hapo jirani anasema watu hawali. Mwenye duka naye anasema. Si mimi."

Miaka ile yote kila mtu aliniambia si yeye. Nilitamani siku moja nikutane na huyo ambaye ndiye, nimwangalie tu usoni.

Nilisema tuhame wote. Kaka akakataa. "Wewe watu wako watarudi nikiondoka," akasema. "Chanda kikioza, pete inavuliwa, haitupwi." Akabeba vifaa vyake, akaenda kupanga kule karibu na hospitali, kwenye safu ya mafundi wa majeneza. Wifi hakumfuata. Alisema watoto wako shuleni, na ni kweli wako shuleni. Kaka huja siku za mapumziko, anakaa na watoto ndani ya nyumba, anaondoka.

Na wateja wangu walirudi. Polepole, wakiangalia kona kwanza. Turubai nimelitoa. Upande wa pili amepanga kijana wa kutoka mbali, anatengeneza vitanda vya kawaida tu, na akina mama wanavinunua.

Mwaka huu binti yangu amepata kazi, amepanga chumba chake mwenyewe, analala chini kwenye godoro. Nikaenda kwa kaka kumwagizia kitanda. Nilimkuta amenenepa kidogo. Wenzake wa ile safu walikuwa wanataniana, mmoja amelala ndani ya jeneza lake mwenyewe akila muhogo kwenye kivuli, wengine wanamwambia alipie kodi. Kaka naye alikuwa anacheka. Aliponiona alikwenda kwanza kwenye bomba, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, ndipo akanipa mkono.

Nikamweleza haja yangu. Nilidhani atafurahi.

"Mtafutie fundi mwingine," akasema.

"Fundi mwingine yupi? Wewe ni mjomba wake."

"Ndiyo maana." Alikuwa anajifuta mikono, kidole kimoja kimoja. "Brashi zangu ni hizi, dada. Msasa ni huu. Akija kuumwa yule mtoto, nitalala vipi?"

"Kaka, hata wewe?"

Nilianza kumkumbusha maneno yake mwenyewe, kwamba mbao haijui inakokwenda, lakini nilipomwangalia niliona hanitanii wala hana kinyongo. Alikuwa anaogopa. Anamwogopea mwanangu, kwa sababu ya mikono yake mwenyewe. Mtaa ulikuwa umehama naye, kumbe. Alikuwa ameubeba pamoja na patasi na misumeno.

Akaniuliza kama binti anakula vizuri huko anakoishi peke yake. Nikasema anakula. Akasema nimsalimie. Alikuwa na mteja anamsubiri, mama mmoja aliyekaa kwenye benchi, ameshika uzi aliopimia urefu wa marehemu wake, ameuzungushia vidole mpaka vimekuwa vyeupe. Kaka alimwendea. Alichuchumaa mbele yake, ili asiongee naye akiwa juu, akamwambia pole mama, akasubiri. Yule mama alipoweza kuufungua uzi vidoleni, kaka aliupokea kwa mikono miwili.